Pauni ya Bi Siwatu na Matundu Milioni Mbili

Sogeeni, wajukuu. Mwenye simu aizime, na yule bwana wa miwani myeusi aliyekaa nyuma, ambaye sijui ni mtoto wa nani, naye apewe bajia.

Hapo zamani za juzijuzi palikuwa na nchi. Tutaiita Huko, kwa sababu haikuwa Hapa. Nataka hilo lieleweke mapema, na bwana wa miwani aliandike.

Huko kulikuwa na Mlezi Mkuu. Alikuwa na majina mengine, mengi, hata redio ikianza kuyataja ungeweza kubandika chai, ikachemka, ukanywa, ukaosha na kikombe. Watu walimpenda sana. Ilikuwa sheria.

Na sheria za Huko zilitungwa upesi kuliko popote. Neno lolote la Mlezi Mkuu likipita kwenye kipaza sauti, basi limekuwa sheria kabla halijafika masikioni. Karani wa Gazeti la Serikali alimfuata kila aendako na mashine ya kuchapia juu ya mkokoteni. Siku moja Mlezi Mkuu alikuwa anajaribu kipaza sauti kipya, akasema, "Moja, mbili. Moja, mbili." Karani akachapa. Tangu siku hiyo Huko hakukuwa na tatu. Mama mwenye watoto watatu aliandikiwa kwamba ana wawili na mmoja wa kurudia. Tatu ilikuja kurudishwa na Bunge mwaka uliofuata, kwa kura mbili dhidi ya moja.

Shikeni hilo la kipaza sauti. Tutalihitaji mbele.

*

Sasa, miaka mia kabla ya hapo, mfalme wa kwanza wa Huko, Mfalme Kilindo, alipiga pauni za dhahabu elfu moja. Mia tisa tisini na tisa zilipelekwa kuhesabiwa, na mpaka leo hazijarudi. Wapo wakorofi wanaosema ziliibwa. Mimi siwezi kusema hivyo. Kuhesabu kunataka utulivu.

Moja ndiyo iliyonusurika, kwa kuwa ilidondoka kwenye sufuria ya pilau ya mfalme, na mpishi akaikuta wakati wa kusugua ukoko. Mpishi alikuwa mwanamke mwaminifu, akampelekea mfalme. Mfalme alikuwa ameshiba. Akasema, "Kaa nayo, na kesho ongeza bizari."

Mpishi akaitoboa kwa msumari, akatia uzi, akaivaa kwenye paji la uso siku ya harusi yake. Dada yake akaiazima. Jirani akaiazima. Ikawa ndiyo ada ya Mtaa wa Kisimani: bibi harusi akitolewa mbele ya watu, hutolewa na pauni usoni. Asipokuwa nayo hatolewi, atakaa ndani mpaka ipatikane. Na asubuhi ya pili pauni hurudi kwa mwenyewe, inanukia udi.

Mwenyewe, kwa wakati wa hadithi hii, alikuwa Bi Siwatu, kitukuu wa yule mpishi, mjane, muuza bajia, mtu wa darasa la nne na vitendawili vingi.

Jumamosi moja asubuhi akasikia hodi. Alikuwa ni Waziri wa Sarafu, Sherehe na Kumbukumbu, Mheshimiwa Ngwali, na watu sita: wa kubisha hodi, wa kushuhudia kwamba hodi imebishwa, wa kubeba kiti cha Waziri, wa kukikalia kabla Waziri hajakalia, mwandishi, na mmoja ambaye hata wao hawakumjua.

"Mama, hongera," akasema Waziri.

"Ahsante, baba. Nimefanya nini?"

"Pauni yako imeteuliwa! Taifa linatoa sarafu ya kumbukumbu, kuienzi pauni ya dhahabu ya Mfalme Kilindo katika kutimiza miaka mia. Na serikali haiwezi kuienzi pauni bila kuichukua."

"Si mngekuja mkaitazama hapa hapa? Nichemshe na chai."

"Kutazama ni kazi ya wananchi, mama. Serikali inachukua."

"Na inarudi lini? Ijumaa jioni Mboni anatolewa."

Huyu Mboni alikuwa binti wa nyumba ya pili, aliyelelewa kwa bajia za Bi Siwatu, na uchumba wake ulikuwa na miaka minane. Hakuna aliyegombana. Ni kwamba mchumba wake, Athmani fundi saa, alikuwa anasubiri cheti cha kuzaliwa. Ofisi ilikuwa haina uhakika kama amezaliwa. Walimtaka alete shahidi aliyekuwepo siku hiyo asiye mama yake, kwa sababu mama yake ana upendeleo. Cheti kilikuwa kimetoka wiki ile, nacho kilikuwa cha muda: kinakwisha Jumamosi. Ijumaa isipopatikana ndoa, Jumamosi Athmani anarudi kuwa hajazaliwa, na mtu ambaye hajazaliwa haozeshwi, hata Huko.

"Ijumaa utakuwa nayo," akasema Waziri, akampa ishara mwandishi. Mwandishi akaandika stakabadhi huku akisoma kwa sauti:

"Kimepokewa kitu kimoja, cha mviringo, cha manjano, kilichotumika."

"Andika na tundu lake, mwanangu," akasema Bi Siwatu.

"Tundu haliandikwi, mama," akajibu Waziri kwa upole. "Tundu si mali. Serikali huandika kilichopo."

Bi Siwatu akaifunga stakabadhi kwenye pindo la kanga. Wale wageni wakaondoka na pauni, na kiti, na bajia kumi na nne.

*

Kazi ikaanza siku hiyo hiyo. Amri ilikuwa fupi: sarafu mpya ifanane na pauni kwa kila kitu, isipokuwa mahali pa uso wa mfalme pawe na uso wa Mlezi Mkuu, nao ujae sarafu nzima, kwa kuwa ndivyo ulivyo.

Mafundi wakapiga ya kwanza. Wakaitazama. Wakakaa chini.

Mlezi Mkuu alikuwa na tundu kwenye paji la uso.

"Lizibeni!" akafoka Waziri.

"Haliwezi kuzibwa," akasema profesa wa historia, aliyekuwa ameahidiwa posho ya siku tano na hii ilikuwa ya kwanza. "Tundu hili ni la kihistoria. Pauni bila tundu ni pauni nyingine."

Wakaugeuza uso juu chini: tundu likaangukia kidevuni. Wakaulaza ubavu: likaingia sikioni, na daktari wa Ikulu akaonya kuhusu upepo. Ikabidi iundwe Kamati ya Taifa ya Tundu, watu thelathini, ikae hotelini siku mbili, kwa kuwa ofisini palikuwa na joto na hotelini palikuwa na kamba wa kukaanga.

Kamati ikatoka na azimio: tatizo si mahali pa tundu. Tatizo ni ubora wa tundu.

"Matundu yetu ya hapa nchini ni hafifu," Waziri akawaeleza waandishi wa habari. "Tazameni barabara. Yanatokea popote, bila mpangilio, mengine yana maji. Kwa shughuli nzito kama hii tutaagiza matundu kutoka nje."

Zabuni ikatangazwa saa tatu asubuhi, ikafungwa saa tatu na dakika moja, akashinda shemeji yake Waziri, ambaye kwa bahati alikuwa anapita hapo akiwa na bahasha. Matundu milioni mbili, safi, yasiyotumika.

Kwa mara ya kwanza katika historia ya Huko kontena lilifika kwa siku moja. Lilikuwa jepesi mno. Ofisa wa forodha akakata lakiri, akafungua mlango, akachungulia. Akaingiza kichwa, akaita, "Huuu!" Kontena likajibu, "Huuu!" Akaingia mpaka mwisho, akapapasa kila kona, akatoka akaandika: Matundu yamo. Hakuna lililovunjika.

Kasoro ilikuwa moja. Shemeji, kwa ukarimu wake, alikuwa ameagiza matundu mapana. Yalikuwa mapana karibu sawa na sarafu yenyewe. Mkataba ulishasainiwa, mzigo ulishapokewa, na Huko kitu kilichonunuliwa lazima kitumike. Basi mafundi wakayatumia.

Walipomaliza, kila sarafu ilibaki ukingo tu.

*

Bi Siwatu yeye alikuwa anazunguka. Jumatatu alikwenda wizarani akaambiwa leo ni siku ya kupokea malalamiko kuhusu Jumanne. Jumanne akaambiwa arudi jana. Jumatano alimpata ofisa mwenye tai, akamwonyesha stakabadhi.

"Aa, unamtafuta Mheshimiwa Pauni," akasema ofisa.

"Nani?"

"Amepandishwa cheo, bibi. Ni Shujaa wa Taifa daraja la kwanza. Ana nyumba, gari, dereva na msemaji. Una uhusiano gani naye?"

"Ni yangu, baba."

"Ndugu wa damu?"

"Ni pauni!"

"Ndiyo maana nauliza." Ofisa akatikisa kichwa. "Watu wakipata vyeo, jamaa hujitokeza wengi. Andika barua ya kuomba kumsalimia. Miezi minne hivi."

Alipokuwa anatoka getini, pikipiki za ving'ora zikapita, nyuma yake gari jeusi lenye bendera. Kwenye kiti cha nyuma, juu ya mto wa hariri, akaiona pauni yake inameremeta peke yake. Bi Siwatu akapunga mkono. Gari likapita mbio. Vyeo hivyo.

Alhamisi akamkuta Mboni ameketi kibarazani, hina haijakauka, viganja amevitandaza kama anayesubiri mvua.

"Bibi, nitolewe hivyo hivyo tu," akasema Mboni. "Paji tupu. Watasema wachoke."

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Athmani anasema cheti chake—"

"Athmani atengeneze saa. Bibi yangu katolewa nayo. Mama yangu katolewa nayo. Mimi nimetolewa nayo mvua inanyesha, wanja umefika kidevuni, lakini pauni ipo hapa." Akamgusa katikati ya paji. "Na wewe utatolewa nayo. Usikune hiyo hina!"

Bi Siwatu alikuwa amepata kadi ya mwaliko. Uzinduzi ni Ijumaa asubuhi uwanjani, na mama aliyejitolea pauni yake kwa hiari atapewa nafasi ya kusema maneno mawili. Kadi iliyataja kabisa: "Ahsante, Mlezi."

*

Ijumaa uwanja ulijaa. Watu walikuwa wamealikwa kwa malori.

Mlezi Mkuu akaketi chini ya mwavuli, Karani na mkokoteni wake nyuma. Pembeni wameketi mabalozi. Waziri Ngwali akapanda jukwaani, akafunua kitambaa, akainua juu sarafu ya kumbukumbu. Watu wakaitazama. Yaani, wakatazama ndani yake, wakaliona jukwaa la upande wa pili.

"Ndugu wananchi!" akanguruma Waziri. "Mataifa mengine huchora uso wa kiongozi kwenye kipande cha chuma. Ukachakaa! Ukapata kutu! Sisi tumekataa. Sarafu yetu inaonyesha uso halisi wa Mlezi Mkuu, ukiwa hai, kwa rangi zake zote, kwa sharti dogo tu kwamba awe amesimama mbele yako!"

Kila mtu akagawiwa yake. Uwanja mzima ukafumba jicho moja, ukamchungulia Mlezi Mkuu. Naye akawachungulia wao. Balozi mmoja akapiga makofi, kisha akauliza jirani yake ni ya nini.

Ndipo Bi Siwatu akaitwa. Waziri akamwinamia, "Maneno mawili, mama. Mawili."

Bi Siwatu akakamata kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Kitendawili!"

Sasa, Mlezi Mkuu kabla hajawa Mlezi alikuwa mtoto, na alilelewa na bibi yake. Neno lile halikupita akilini kabisa, lilikwenda moja kwa moja mdomoni. Akakivuta kipaza sauti kilichokuwa mbele yake, akaitikia kwa sauti ya mtoto wa miaka saba:

"Tega!"

Krr-krr-tap! ikalia mashine ya Karani. Ikawa sheria. Waziri aliyekuwa amenyoosha mkono amwondoe mama jukwaani akaurudisha mfukoni.

"Ninacho kitu changu," akasema Bi Siwatu. "Kila ukikinyang'anya, kinazidi kunenepa."

Mlezi Mkuu akashika kidevu. Alikuwa anafurahi, maskini. Miaka ishirini hakuna aliyemuuliza swali.

"Jeshi!"

"Sio."

"Wizara ya Ardhi!"

"Umekaribia, lakini sio."

"Jibu ni Mlezi Mkuu!" akadakia Waziri, kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jibu siku zote, hata kwenye mitihani ya jiografia.

"Nyamaza, Ngwali. Mimi ukininyang'anya sinenepi." Akaiinua sarafu ya kumbukumbu, akaitia jichoni, akamtazama Bi Siwatu kupitia katikati yake, akafikiri, akafikiri. "Mama, nimeshindwa."

Krr-krr-tap.

"Basi nipe mji," akasema Bi Siwatu.

Nanyi mnajua, hata Huko walijua: aliyeshindwa kitendawili hutoa mji ndipo aambiwe jibu. Na mwenye kitendawili ana haki ya kuukataa mji mpaka apewe unaomridhisha.

"Chukua Kibandani," akasema Mlezi Mkuu.

"Sitaki. Hauna maji."

"Chukua Bandari Ndogo."

"Sitaki. Umeshauzwa."

Uwanja ukaguna kwa furaha. Waziri akamnong'oneza bosi wake, "Mtukufu, mabalozi wanatazama. Toa mkubwa." Na Mlezi Mkuu, ambaye hakupenda kuonekana bahili, akasimama, akatanua mikono:

"Chukua Mji Mkuu!"

Krr-krr-tap.

"Nimeupokea," akasema Bi Siwatu. "Nimekwenda Mji Mkuu, nikakaribishwa, nikala, nikanawa. Jibu ni tundu."

Watu elfu arobaini wakatazama walichoshika mkononi.

*

Mwanasheria Mkuu alikuwa anapekua vitabu. Akapekua mbele, akapekua nyuma, akavua miwani.

"Umeshachapwa, Mtukufu. Mji Mkuu ni wa huyu mama. Na majengo yake."

Mkuu wa majeshi akageuka nyuzi tisini, akampigia Bi Siwatu saluti.

"Mama, huo ni mchezo!" akasema Mlezi Mkuu, akanyoosha mkono achukue kipaza sauti.

"Samahani, Mtukufu," Karani akamzuia. "Kipaza sauti kiko mjini. Kina mwenyewe."

Mlezi Mkuu akaketi. Akaonekana mdogo ghafla, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. "Sasa mimi nitalala wapi?"

"Lala tu pale pale, baba, nani kakufukuza?" akasema Bi Siwatu. "Ila mwambie mtu afagie mfereji wa Ikulu, nilipita jana unanuka. Mimi huu mji siutaki. Ni mkubwa, nitaufagia na nani? Nipeni pauni yangu, niwape mji wenu. Saa saba hiyo, nina harusi."

Waziri akaruka na sarafu ya kumbukumbu. "Hii hapa, mama! Kitu kimoja, cha mviringo, cha manjano. Kama stakabadhi inavyosema."

Bi Siwatu akafungua pindo la kanga, akasoma polepole, kidole chini ya kila neno. "Imeandikwa 'kilichotumika'. Hii imetumika?"

"Hapana, mama," akajibu Waziri kwa majonzi. "Haiwezi kutumika hata kidogo."

Pauni ikafuatwa nyumbani kwake. Ilikuja na pikipiki nne na king'ora. Dereva akashuka, akafungua mlango wa nyuma, akauliza, "Nimrudie saa ngapi?"

"Usirudi, mwanangu. Amestaafu."

Mwandishi akaleta fomu ya makabidhiano ya mji. Bi Siwatu akaomba kalamu aandike mwenyewe. Akaandika kwa mwandiko wa darasa la nne, herufi zimesimama wima: Kimerudishwa kitu kimoja, kikubwa, kilichotumika, chenye mashimo mengi.

Waziri akaisoma, akajikohoza. "Mashimo hayaandikwi, mama. Shimo si mali."

"Baba," akasema Bi Siwatu, "tangu Jumamosi nawatazama, na hiyo ndiyo mali pekee niliyoona mnanunua."

*

Mboni akatolewa jioni ile. Hina imekolea, wanja umetulia, na pauni ya Mfalme Kilindo iko pale pale katikati ya paji, inaning'inia kwa uzi uliopita kwenye tundu dogo la msumari, lisilo na stakabadhi. Athmani aliyekuwa amezaliwa mpaka kesho yake akamwona, akasahau jina lake. Shehe alilisoma kwenye cheti.

Na zile sarafu za kumbukumbu hazikupotea bure. Ukienda Huko leo utazikuta kila nyumba, zimeshika mapazia.

Yote haya ni kweli tupu. Nilikuwepo, na pilau nilikula. Yule bwana wa miwani akitaka kunibishia, aandike hapo kwenye daftari lake kwamba ameshindwa, kisha anipe mji. Wenye maji, tafadhali.